Rambirambi za Bamba la Barafu

TANGAZO LA KIFO. Ni kwa huzuni kuu na mioyo iliyopondeka, tukinyenyekea mapenzi ya Mwenyezi Mungu, tunapotangaza kuanguka kwa mpendwa wetu, nguzo ya wengi, aliyewashikilia jamaa zake kwa maelfu ya miaka bila kulalamika, na ambaye ametutoka baada ya kuugua kwa muda mrefu. Waombolezaji wote wanaombwa kufika nyumbani kwa Bwana Clifford Obiero, karibu na baing senta, Jumamosi saa nane mchana, ambapo habari kamili za marehemu zitatolewa.

Tangazo hilo tukufu liliandikwa mgongoni mwa mfuko wa unga wa mahindi uliokatwa ukanyooshwa, na msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji moto huku akitafuna ndizi. Nyumbani kwa Clifford Obiero, baba yake, hakukuwa na mtu aliyekufa. Hata kuku walikuwa wazima.

Chini yake, kwa herufi ndogo kama sisimizi waliopanga foleni, palikuwa na maelezo zaidi: kwamba marehemu ni bamba la barafu, kwamba aliishi Antaktika, kwenye ncha ya kusini ya dunia, na kwamba kila atakayefika atafundishwa jambo moja kisha aweke sahihi. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Christabel Aluoch aliandika uongo. Ukweli wote ulikuwepo. Ulihitaji miwani tu.

Na ili hukumu iwe ya haki, ni vyema kwanza ijulikane jinsi Christabel alivyochokozwa.

Yote yalianzia katika chumba cha kompyuta cha shule yake ya bweni, upande wa Ndanai, alikotumwa kupangusa vumbi kama adhabu ya kuivisha nyundo ya kengele soksi tatu, bweni zima likalala hadi saa moja asubuhi. Akiwa anapangusa, macho yake yaliangukia ukurasa ambao mwalimu alikuwa ameuacha wazi. Ulihusu mabamba ya barafu: barafu pana na nene inayosukumwa kutoka nchi kavu hadi baharini, ikabaki ikielea huku imeushika ufuo. Wataalamu walisema mabamba hayo yanadhoofika, kwamba maji yenye joto yanayala kwa chini kama mchwa anavyokula mlingoti. Christabel aliusoma ukurasa mara tatu.

Lakini kilichomchoma kilikuwa pembeni. Palikuwa na hesabu ya wasomi walioutaja utafiti huo, magazeti yaliyouandika na watu walioueneza, pamoja na ramani ya dunia yenye vidoti vyekundu kuonyesha walikotoka. Ulaya ilikuwa na surua. Amerika ilikuwa na surua. Kericho na Bomet palikuwa peupe kama sahani iliyolambwa.

"Yaani hata mmoja?" Christabel aliiuliza kompyuta. "Hata kwa bahati mbaya?"

Akalichukulia jambo hilo kama tusi la ukoo. Wiki hiyo hiyo alimpelekea Mwalimu Nyang'au, wa fizikia, projekti yenye jina refu kuliko foleni ya uji: "Nani Anasikiliza? Uchunguzi wa Jinsi Umma na Wasomi Wanavyotilia Maanani Utafiti wa Mabamba ya Barafu Yanayodhoofika." Upande wa wasomi aliumaliza upesi. Aliwaandikia barua pepe wataalamu watatu. Wawili walikaa kimya. Wa tatu alijibu baada ya nukta mbili, Christabel akaruka kwa furaha hadi alipoisoma: ilikuwa mashine, ikisema kwamba mwenyewe yuko kwenye barafu na atarudi Machi. Machi ilikuja ikapita. Pengine barafu ilikuwa tamu.

Ulibaki umma.

"Sikiza, Aluoch," alisema Mwalimu Nyang'au siku ya kufunga shule. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, anayekagua daftari kama mtu anayetafuta mawe ndani ya mchele. "Nafasi ya maonyesho ya kaunti ni moja. Ukitaka ikuwe yako, niletee watu mia moja. Jina, sahihi, na jibu la swali moja: bamba la barafu linafanya kazi gani? Si mia moja wa kupita njia. Mia moja wa kusikia."

"Na nikikosa, mwalimu?"

"Ukikosa, tunapeleka jiko."

Jiko! Kwa miaka minne mfululizo shule hiyo ilikuwa imepeleka jiko la kuni lisilotoa moshi. Jiko lilikuwa lile lile. Waliobadilika ni wasichana wa kulibeba. Na kila mwaka lilirudi bila hata cheti, likitoa moshi.

Kwa hiyo Christabel alifika nyumbani, nje kidogo ya Kapkatet, akiwa na wiki tatu na daftari jipya. Wiki tatu kwa watu mia moja. Alidhani zimezidi.

Alianzia baing senta, kibanda cha mbao ambako wakulima hupeleka majani ya chai kupimwa kabla lori la kiwanda halijaja. Kama kuna mahali watu hukaa bila kazi huku wakitazama ukuta, ni hapo. Alibandika karatasi nzuri yenye mchoro wa rangi ya samawati. Siku ya kwanza mtu alikata kona yake akafungia tumbaku. Siku ya pili mwingine aliandika juu ya bahari: "Nauza ndama, mama yake anatoa lita kumi na mbili." Siku ya tatu watu saba walisimama mbele ya karatasi wakiisoma kwa makini, Christabel akawakimbilia na daftari. Walikuwa wananakili namba ya mwenye ndama.

"Daktari wa Friji!" karani wa mizani, kijana mmoja mcheshi aitwaye Kipngetich, alimwita. "Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wanakufa, Kipngetich. Na wewe unapima majani."

"Basi wazike. Majani nisipoyapima leo yatakuwa mboji."

Akaona karatasi haitoshi. Akapanda juu ya kreti, akavuta pumzi, akawatangazia wakulima wapatao arobaini, waliokuwa wakichambua magunia yao, kwamba barafu ya kusini mwa dunia inadhoofika na inavunjika.

Kisha mama mmoja akainua mikono.

"Ishindwe!" alisema. "Iyeyuke yote!"

"Amina!" wakaitikia wengine.

Ikumbukwe kwamba watu hawa walikuwa wakulima wa chai, na barafu waliyoijua ni ile inayoanguka kutoka mbinguni alasiri. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mwezi huo mara mbili. Ilikuwa imepasua majani, ikavua matawi, ikaacha mashamba kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Mtu akija kukuambia kwamba adui yako amepata ugonjwa usio na dawa, humuulizi ni adui wa upande gani.

"Si hiyo ya mawe!" Christabel alipiga kelele. "Hiyo nyingine! Iko mbali, iko juu ya bahari!"

"Iko mbali na bado imeshindwa," alisema mama yule. "Mungu ni mkuu."

Jumapili ikawa mbaya zaidi. Rodah, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye habari haiwezi kupita mlangoni pake bila kuingia kunywa chai, alisimama wakati wa shukrani akaomba kanisa limsifu Bwana kwa kuidhoofisha barafu. Wakaimba ubeti mzima. Christabel aliimba pia, meno yakisagana, kwa sababu mama yake alikuwa amekaa kando yake.

Kulikuwa na mzee mmoja tu aliyemfuata nje baada ya hapo. Aliitwa Mzee Kipkirui, jirani yao wa upande wa chini, mjane mwenye vichaka vichache vya chai na ng'ombe wawili. Alimgusa bega.

"Wewe lakwet," alisema, maana kwa Kikipsigis kila mtu ambaye hajaota mvi ni mtoto, "hiyo karatasi yako niliomba Kipngetich anisomee. Yote. Nina swali."

"Mzee, unaweza kuweka sahihi?"

"Kuandika sijui. Lakini swali ni hili..."

"Nitarudi, Mzee," alisema Christabel, macho yake yakiwa juu ya kundi la vijana wenye kalamu waliokuwa wakitokea mlangoni. Vijana wale walisema wataweka sahihi akiwanunulia soda. Hakurudi kwa Mzee.

Siku ziliisha. Zilipobaki tano, daftari lilikuwa na majina manne, mojawapo likiwa la mama yake, Wilkista, aliyekuwa ameweka sahihi bila kutazama huku akifunga aproni aende zamu ya asubuhi kiwandani, mahali anapochambua chai.

"Mama, bamba la barafu linafanya kazi gani?"

"Nyathina, mwanangu," alisema Wilkista, "linafanya usioshe vyombo."

Hapo ndipo Christabel alipokaa chini, miguu kwenye beseni, akafikiria kwa uchungu ni kitu gani watu wa mahali hapo husikiliza. Bei ya ndama, wanasikiliza. Mvua ya mawe, wanasikiliza. Lakini kuna tangazo moja ambalo mizani husimama kwa ajili yake, redio hupunguzwa kwa ajili yake, na hata mlevi huvua kofia. Akaukata mfuko wa unga.

Alidhani nini? Alidhani watu watasoma hadi mwisho, watacheka, na kumi au ishirini watakuja kwa udadisi. Hili ni kosa la mtu aliyekaa bwenini sana. Kwa watu wa huko, tangazo la kifo halisomwi hadi mwisho. Ukishafika kwenye "nyumbani kwa fulani" umeshajua unachotakiwa kujua: ni nyumba ipi, na wewe utabeba nini. Kuendelea kusoma ni kama kumhoji mfiwa.

Alilibandika Ijumaa jioni. Jumamosi saa mbili asubuhi Kipngetich aliliona, akasimamisha mizani, akavua kofia, akasoma kwa sauti hadi "nyumbani kwa Bwana Clifford Obiero," akanyamaza.

"Obiero wa trekta?" mtu aliuliza.

"Huyo."

Hawakuuliza zaidi. Saa nne asubuhi, wakati Christabel akiwa bado anapanga viti sita alivyoona vitatosha, Rodah aliingia uani na wanawake kumi na mmoja, sufuria mbili za ukubwa wa kumwogeshea ndama, na sukari. Akamkumbatia Christabel hadi mbavu zikalia.

"Mama Rodah, ngoja nikueleze. Si mtu..."

"Najua, mtoto wangu. Si mtu wa kusahaulika."

"Hapana, nasema hakuna..."

"Hakuna kama yeye. Kaa chini. Mtoto wa msiba hafanyi kazi."

Wakamkalisha juu ya mkeka, wakamfunga leso kichwani. Moto ukawashwa. Wanaume walikuja na kuni, turubai, na mabenchi ya kanisa. Walikuja Wakipsigis wa mashamba ya karibu na maziwa kwenye vibuyu, walikuja Wajaluo wa kambi za kiwanda na unga na dagaa wa omena. Mzee Kipkirui alipanda kilima taratibu, begani amebeba gogo kubwa la kuni, mkononi kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, akaliweka gogo kando ya moto, kama inavyostahili. Na Rodah, ambaye hupenda mambo yaende kwa utaratibu, aliingia ndani akatafuta daftari la kuandikia waliofika. Akalikuta moja jipya mezani, limeshachorwa mistari: jina, sahihi, na nafasi ya maneno. Likawekwa kwenye meza ndogo mlangoni pa ua. Kila aliyejua kuandika aliinama akaandika.

Christabel aliliona daftari lake. Aliona mkono mmoja ukiandika, na mwingine, na mwingine. Alikuwa amejaribu kusema mara mbili. Iandikwe kwamba alijaribu mara mbili. Hakujaribu mara ya tatu.

Upande mwingine wa kilima lori la majani lilikuwa limefika kiwandani. Wafanyakazi huacha simu zao langoni, kwa hiyo Wilkista hakuwa na namna ya kumpigia mtu yeyote. Dereva wa lori alimpita kwenye korido, akasimama, akavua kofia.

"Pole sana, Mama Christabel."

"Pole ya nini?"

"Msiba. Wa kwako nyumbani."

Clifford alikuwa ametoka alfajiri na trekta kwenda Kericho kuleta vipuri, kwenye barabara yenye utelezi. Wilkista hakuuliza swali la pili. Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini. Hakuna aliyejua aliutembea kwa dakika ngapi. Alitokea chini ya njia akiwa na aproni, kofia ya nyavu kichwani, gambuti moja mguuni, nyingine imebaki kwenye tope mahali fulani. Aliona turubai. Aliona mabenchi na moshi na watu. Akatoa sauti moja tu, "Uwi!", akayumba. Christabel aliruka kutoka mkekani, akakimbia akamshika mama yake kabla hajaanguka chini.

"Ni nani?" aliuliza Wilkista. "Niambieni ni nani. Ni baba yenu?"

Na hapo, mbele ya watu wote, ikabidi isemwe kwamba ni barafu.

Kipngetich alikimbia hadi senta akarudi na mfuko wa unga, akasoma herufi za sisimizi kwa sauti, polepole, hadi neno la mwisho. Alipomaliza hakuna aliyecheka. Rodah alizima moto kwa maji ya chai. Mwanamume mmoja aliyekuwa ameacha ng'ombe anayezaa alimtazama Christabel, akaenda zake. Mtu akipiga kelele unaweza kumjibu. Wale walikunja turubai tu.

Clifford aliporudi jioni na vipuri vyake, akakuta mkewe amekaa jikoni na gambuti moja, alipewa habari kwa sentensi mbili. Hakumpiga binti yake. Alimwambia tu: "Kila kitu kilichoingia hapa, wewe utakirudisha. Kwa mlango. Kwa miguu. Na kwa mdomo."

Siku mbili Christabel alitembea. Sukari kwa huyu, unga kwa yule, vibuyu, kuni. Kila mlangoni aliomba msamaha, kisha, kwa sababu ni mkaidi wa kuzaliwa, akajaribu kueleza barafu. Kila mlangoni walimsikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?" waliuliza.

"Hakuna."

"Asante Yesu." Na mlango ukafungwa.

Hata mmoja hakuuliza mabamba ni nini. Alikuwa na hasira nao, na hasira ile ilikuwa mbaya kwa sababu hakuwa na haki nayo.

Alilibakiza gogo la Mzee Kipkirui mwisho kwa kuwa lilikuwa zito. Alimkuta mzee ameinama kwenye bustani ya sukuma wiki, akitoa kuni katikati ya mboga. Kuni zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Mstari mzima wa sukuma ulikuwa umelala.

"Nini kimetokea hapa, Mzee?"

"Wewe ndiye uliyetokea," alisema Mzee bila ukali. "Kuni zangu huwa nazipanga pale juu, kwenye mteremko. Chini kabisa naweka gogo moja kubwa. Sasa nikasikia msiba kwa Obiero, nikasema, kwa jirani hupeleki vijiti. Nikavuta lile kubwa. Sijafika barabarani, nikasikia nyuma, gudu gudu gudu, zote ziko kwa mboga."

Christabel alilitua gogo. Mzee alilisukuma kwa mguu hadi mahali pake, chini ya mteremko, akaanza kupanga zile nyingine nyuma yake. Christabel akamsaidia.

"Swali langu," alisema Mzee. "Niliona barafu ndani ya glasi ya soda, harusi ya mpwa wangu. Iliyeyuka na glasi haikumwagika. Sasa hilo bamba lako, kama linaelea tayari, likivunjika bahari itapanda aje?"

Christabel alisimama na kuni mkononi. Lilikuwa swali zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa. Lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe alilijibu baada ya kusoma ukurasa ule mara tatu, na mzee huyu alikuwa amekaa nalo tangu Jumapili mbili zilizopita, akisubiri mtu arudi.

"Si lenyewe, Mzee," alisema. "Lenyewe halipandishi kitu. Ni ile barafu iliyo nyuma yake, juu ya nchi kavu. Bamba likitoka..."

Mzee alikuwa ameacha kumtazama. Alikuwa akiitazama sukuma wiki yake.

"Basi ni gogo la chini," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na linaoza?"

"Linaoza kwa chini, kwenye maji."

Mzee alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ungesema hivyo kwenye senta," alisema. "Mambo ya msiba ulitafuta wapi?" Kisha akachovya dole gumba kwenye masizi ya sufuria, akaliweka katika ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya jina lake ambalo Christabel alimwandikia, na Christabel akaandika kando yake, kwa maneno ya mzee mwenyewe: "Ni gogo la chini."

Hadithi ingeishia hapo, Christabel angekuwa msichana mwema. Lakini usiku wa kufungasha sanduku aliyahesabu majina. Ukiondoa ya Mzee, na yale manne ya mwanzo, daftari la rambirambi lilikuwa na majina mia moja thelathini na saba. Majina ya kweli. Sahihi za kweli, kila moja na mkono wake. Kasoro ilikuwa kwenye nafasi ya tatu, ambako palipaswa kuwa na jibu, na watu walikuwa wameandika "Poleni sana" na "Mungu awape nguvu."

Karatasi nyeupe, mkasi na gundi vilikuwepo. Kalamu za rangi nne zilikuwepo. Alikata vipande vyembamba, akavibandika juu ya kila pole, na juu ya kila kipande akaandika jibu sahihi, akibadilisha mwandiko na kufanya kosa dogo hapa na pale kwa ajili ya uhalisia. Ni kazi iliyofanywa kwa ustadi mkubwa, na kama ustadi ungekuwa na maonyesho yake ya kaunti, angerudi na kikombe.

Mwalimu Nyang'au alilipokea daftari siku ya kufungua shule. Alilikagua kwa mtindo wake wa kutafuta mawe. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye wa nne akasimama. Gundi ya dukani kwao ilikuwa ya bei rahisi, na kona ya kipande kimoja ilikuwa imejikunja. Aliinua kona hiyo kwa kucha.

"Aluoch. Huyu bwana ameulizwa bamba la barafu linafanya kazi gani."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa juu amejibu linazuia barafu ya nyuma isiteleze baharini. Vizuri. Kwa chini ameandika, 'Tutaonana Paradiso.'" Akabandua kingine. "Huyu naye anasema, 'Alikuwa dereva mzuri.' Ni barafu gani hii iliyokuwa inaendesha?"

Christabel alikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Kabla hajachagua moja, mwalimu alikuwa ameshika kipande kingine.

Mwalimu aliendelea kubandua, kipande baada ya kipande, hadi ukurasa wa mwisho, kwenye dole gumba la masizi.

"Na huyu hakubandikwa kitu kwa nini?"

"Huyo ni wa kweli, mwalimu."

Alilisoma jibu la Mzee Kipkirui mara mbili. Kisha akafunga daftari. Jiko, alisema, litakwenda kaunti kwa mwaka wa tano. Na Christabel ataandika habari hii yote tangu mwanzo, bila chumvi, isomwe mbele ya shule nzima Jumatatu, kwenye paredi.

Ndiyo hii.

Mwalimu Nyang'au aliisoma jana, hadi hapo juu. Aliniita ofisini, akaweka kalamu nyekundu chini ya jina la Christabel, kila mahali lilipo.

"Huyu msichana unayemsimulia kwa mbali hivi, kama jirani, ni nani?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Basi malizia ukiwa wewe. Na hapa." Kalamu ilirudi nyuma, ikasimama penye turubai na gambuti moja. "Hapa umeandika uliruka ukamshika mama yako. Nimempigia simu. Anasema aliyemshika ni Rodah."

Nilitazama dirishani. Wasichana wawili walikuwa wakilifuta jiko masizi.

Basi nasema. Sikuruka. Niliiona aproni ya mama ikitokea chini ya njia, niliisikia ile "Uwi!", na nilikuwa nimesimama kwenye meza ndogo mlangoni pa ua, kidole juu ya daftari. Nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimefika mia moja na kumi na mbili, na nilitaka kwanza nimalize ukurasa.